Ngiri ya Mzee Mogire

Nyasani wa Mogire aliyajua matumbo kabla hajajua kuandika jina lake. Baba yake alikuwa msoma matumbo, na katika vilima vya Nyamira hapakuwa na harusi ya maana iliyofungwa bila Mzee Mogire kuitwa kwanza. Mbuzi alichinjwa asubuhi, utumbo ukatandazwa juu ya majani ya mgomba, na mzee akachuchumaa. Watu wazima wenye ng'ombe wengi na sauti kubwa walinyamaza kimya wakimngoja. Kazi ya mtoto Nyasani ilikuwa kuuinua utumbo kwa vidole viwili ili ule utando unaoushikilia ukunjuke na mishipa ionekane.

Maana mzee hakuanza na utumbo wenyewe, alianza na utando. Utando huo una umbo la rinda. Kiunoni, pale unaposhikamana na mgongo, ni mfupi wa kutosha kiganjani; pindoni, pale unapopita utumbo mwembamba, ni mrefu ajabu, na ndiyo sababu utumbo hujikunjakunja ili uenee tumboni. Mishipa ya damu hushuka kutoka kiunoni, hugawanyika, hukutana tena na kufanya matao, tao juu ya tao, halafu vijishipa vilivyonyooka hutoka kwenye tao la mwisho na kuingia katika ukuta wa utumbo. Mzee aliiita mishipa hiyo mito. Mito ikijaa na kung'aa mpaka pindoni, ndoa ipite. Likionekana doa jeusi, basi mto umefungwa, mahari irudi ilikotoka, na safari yoyote iahirishwe. Hakuna aliyebisha. Mogire hakuwa mtu wa kubishiwa, na kiburi alichokuwa nacho kingetosha kugawiwa kijiji kizima kikabaki.

Nyasani alipokua alikwenda shule ya misheni, akabatizwa, akaacha kushika matumbo ya ramli. Vita vilipokuja alichukuliwa jeshini akabeba machela huko Burma, na huko ndiko alikofundishwa kufunga vidonda na kuchemsha visu. Aliporudi aliajiriwa kuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali mjini Kisii. Alioa, akapanga nyumba chini ya kilima cha Nyanchwa, penye kanisa la misheni, na kila Sabato alikuwa kanisani na mkewe Jemimah, koti limepigwa pasi.

Daktari wa hospitali ile alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu. Siku moja aliagiza matumbo ya mbuzi kutoka buchani ili awafundishe madresa njia ya damu. Wawili walitoka mbio kwenda kutapika. Nyasani aliuinua utando kwa vidole viwili kabla hajaambiwa.

"Wewe nafundishwa wapi?" Daktari aliuliza.

"Nyumbani," Nyasani akajibu. Mambo ya nyumbani hayakuwa ya kusimuliwa karibu na Nyanchwa.

Sasa basi, ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa mvua za masika, siku ya Jumatano. Lori la pareto lilisimama mbele ya hospitali asubuhi, na juu ya magunia alikuwa amelala Mzee Mogire, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Kando yake alikaa mdogo wake Momanyi, na kando ya Momanyi alifungwa mbuzi. Kumbe mzee alikataa katakata kupanda lori mpaka mbuzi apande kwanza.

Mzee alikuwa na ngiri tangu siku nyingi. Uvimbe ulimtoka kinenani akibeba mzigo na kurudi ndani akilala chali, naye aliuzoea kama mtu anavyomzoea jirani msumbufu. Nyasani alimsihi mara nyingi aje ikashonwe, na kila mara mzee alimcheka. Jana yake alikuwa ameinua gunia la wimbi, uvimbe ukatoka, ukakataa kurudi. Usiku kucha alitapika, kwanza chakula, kisha maji ya kijani. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, na ule uvimbe ulikuwa mgumu, wa moto, haukubali kuguswa.

Tabibu msaidizi wa wodi alikuwa Okoth, mtu wa upande wa ziwa, mchangamfu, mwepesi wa maneno na wa mikono. Safari hii hakutania. Alibonyeza mara moja tu, akamvuta Nyasani pembeni.

"Ngiri imekabwa, ndugu yangu. Utumbo umo ndani. Daktari anaosha mikono tayari."

Nyasani hakuhitaji maelezo. Aliiona ngiri hiyo kwa macho ya ndani kana kwamba ngozi haipo: kipande cha utumbo mwembamba kimepenya kwenye tundu la misuli, tundu limekaza shingoni mwake. Mishipa ya kurudisha damu ni milaini, hiyo huzibwa kwanza. Ile ya kuleta damu bado inapiga, kwa hiyo damu inaingia na haitoki, utumbo unavimba, unazidi kujibana wenyewe. Mwishowe hata damu ya kuingia hukosa njia. Kutoka hapo utumbo huanza kufa, na mwenye utumbo humfuata.

Akarudi kitandani. "Tata, inabidi upasuliwe sasa hivi."

"Chinjeni mbuzi kwanza," mzee akasema.

"Tata, hakuna wakati."

"Nimewakataza watu wangapi kuvuka mto kwa ajili ya doa dogo, leo mimi mwenyewe nipasuliwe tumbo bila kuuliza? Watanicheka mpaka kaburini." Akafumba macho, maumivu yakapita, akafumbua. "Macho yangu yana ukungu. Utasoma wewe."

"Tata, mimi niliacha. Unajua niliacha."

"Kushika uliacha. Kuona hukuacha."

Momanyi alisimama na kofia mkononi. Nyasani alijua kinachomngoja akikubali. Habari zingepanda kilima cha Nyanchwa kabla ya jioni, na wazee wa kanisa wangemwita. Lakini alijua pia kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumvua mzee yule msimamo wake, na kila walipobishana, ule utumbo ulizidi kuiva gizani.

Okoth alimfuata mpaka mlangoni. "Sikiliza, bwana. Hilo si jambo la kukuumiza kichwa. Chinja mbuzi, tazama upesi, mwambie ni safi kabisa, tuingie kazini. Supu tutakunywa kesho. Unangoja nini?"

"Nitafanya hivyo," Nyasani akasema. Naye alikusudia kweli, tena bila aibu. Uongo mmoja wa kuokoa roho, alijiambia, Mungu angeuelewa kuliko wazee wa kanisa.

Walimchinjia mbuzi nyuma ya jiko la hospitali, mvua ikinyunya. Momanyi alikata majani ya mgomba, akatandaza. Nyasani alipasua tumbo, akautoa utumbo ukiwa bado unafuka mvuke, akauinua kwa vidole viwili. Miaka mingi hakuwa amefanya hivyo kwa ajili ya kusoma, na vidole vilikwenda vyenyewe. Alianza juu, karibu na tumbo la chakula, pale ukuta ni mnene na mwekundu na matao ni machache na makubwa. Akashuka polepole. Kadiri alivyoshuka, matao yaliongezeka na kuwa madogo, mafuta yakazidi, utumbo ukapauka kidogo, kama inavyotakiwa. Mito ilijaa, ikang'aa. Moyo ukaanza kutulia. Hata uongo hautahitajika, aliwaza.

Kisha akaliona. Karibu na mwisho, kabla utumbo mwembamba haujaingia kwenye ule mnene, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mshipa ulioelekea pale ulikuwa umeganda na kuwa kama uzi mweusi. Huenda ni minyoo, huenda ni pigo la pembe. Dresa Nyasani alijua sababu nyingi. Mtoto wa Mogire alijua moja tu, na nywele zilimsimama.

"Vipi?" Momanyi aliuliza. Hakujua kusoma, ila uso wa mtoto wa kaka yake aliusoma vizuri.

"Ngoja," Nyasani akasema, akaosha mikono.

Wodini mzee alimngoja na mkono wake nje ya blanketi. Alimshika mwanawe kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa baridi.

"Sema."

Nyasani akafungua kinywa aseme ni safi. Okoth alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akimwitikia kwa kichwa, sema, sema. Lakini mzee alikuwa amefumba macho, amekaa kusikiliza, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyekabidhi mzigo. Alimwamini. Mtu huyu mkali, mwenye kiburi, aliyempiga fimbo utotoni kwa kuushika utumbo kwa pupa, alikuwa anamwamini kabisa. Kumdanganya hapo, Nyasani aliona, ni kama kumwibia kipofu njiani.

"Kuna doa, Tata."

Okoth alijipiga paji la uso, akageukia ukuta.

"Kubwa?"

"Kama ukucha wa gumba."

"Upande gani?"

"Mwishoni, karibu na utumbo mnene."

"Na mto wake?"

"Umefungwa."

Momanyi alianza kukunja blanketi. Kwake shauri lilikuwa limekwisha. Lori lingerudi mchana, wamrudishe mzee afie nyumbani kwa heshima. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameinua vichwa kusikiliza. Nyasani alihisi amemuua baba yake kwa mdomo wake mwenyewe, na alitamani arudishe maneno yale nyuma, lakini yalikwisha kutoka.

Mzee alifumbua macho. "Huyu tabibu alikwambia uniambie nini?"

"Nikwambie ni safi."

"Nawe ulitaka kusema hivyo."

"Nilitaka."

Wimbi la maumivu likampanda mzee na kushuka. Jasho lilimtiririka shingoni. "Sasa nakuuliza jingine, unijibu vilevile. Nikirudi nyumbani?"

"Utakufa, Tata. Kabla ya Sabato."

"Nikipasuliwa?"

"Sijui. Kama utumbo bado uko hai, tutaurudisha ndani. Kama kipande kimekufa, Daktari atakikata aunge panapobaki. Kama umeoza na kutoboka, sijui. Na hata usipooza, umechoka na umri umekwenda. Sijui, Tata."

"Momanyi, acha hilo blanketi," mzee akasema.

"Ndugu yangu, mbuzi amekataa!"

"Nimesikia. Mbuzi amekataa. Mwanangu hajakataa." Akakiachia kifundo cha Nyasani. "Mwite huyo Mzungu wako."

Daktari hakutaka Nyasani aingie. Mtoto hashiki kisu juu ya baba yake, alisema, au maneno ya namna hiyo. Lakini dresa mwingine alikuwa amelazwa na malaria, Okoth ndiye peke yake aliyejua kumlaza mgonjwa kwa etha, na mikono haikutosha. Nyasani akavaa kitambaa cha mdomoni, akasimama upande wa pili wa meza. Okoth alidondosha etha tone kwa tone mpaka mzee akaacha kunung'unika.

Daktari alipasua kinenani. Kifuko cha ngiri kilipofunguliwa, yalitoka maji ya rangi ya kahawia, lakini hayakunuka, na Daktari akashusha pumzi. Aliingiza ncha ya kidole kwenye ile shingo iliyokaza, akaikata kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayekata uzi uliogusa ngozi. Shingo ikaachia. Akauvuta utumbo nje taratibu, na Nyasani akaupokea kwenye kitambaa.

Ulikuwa mweusi wa zambarau, umevimba, hauna mng'ao. Ulilala kiganjani mwake bila kujisogeza. Utumbo ulio hai hutambaa kidogo ukishikwa, hata wa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

"Maji moto," Daktari alisema.

Wakaufunika kwa vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja. Shingo ilikuwa imefunguliwa, damu ilikuwa na ruhusa ya kupita. Sasa ama ingepita ama isingepita. Mvua ilipiga mabati. Daktari alitazama saa ya ukutani, akatazama mikono yake, akatazama saa tena. Nyasani aliomba. Aliomba kwa Kikisii, maneno ya utotoni, wala hakujua anamwomba Mungu wa Nyanchwa au jua la babu zake, na wakati ule hakujali.

"Mapigo yanapungua nguvu," Okoth alisema kutoka kichwani mwa meza. "Si sana. Lakini yanapungua."

Daktari akafunua kitambaa.

Nyasani hakuutazama utumbo. Alitazama utando. Tao la kwanza lilikuwa limejaa. Akalikazia macho. Likapiga. Lilinyanyuka na kushuka, dogo kabisa, kisha tena. Akafuata tao la pili, nalo likapiga. Kwenye ncha mbili za kile kipande, weusi ulianza kufifia, ukawa wekundu mzito, kisha wekundu wa kawaida, na upande mmoja utumbo ukajikunja wenyewe kama unaonyoosha mgongo baada ya usingizi. Machozi yalimtoka Nyasani, yakaloweka kitambaa cha mdomoni.

Lakini katikati palibaki peusi. Urefu wa shubiri hivi. Pale tao lilikuwa limetulia tuli, na vijishipa vilivyotoka kwake vilikuwa vyeusi mpaka ukutani.

Daktari alifunika tena. Wakangoja tena. Alipofunua, pale katikati palikuwa vilevile. Alipabana kwa upole, hapakushtuka.

"Hii nakufa," alisema. "Kata."

Alibana pande mbili kwa vibanio, akakata utando kwa umbo la kabari, ncha ikielekea kiunoni mwa rinda, akifuata njia ya matao ili asiziibie damu zile ncha mbili zilizopona. Nyasani alifunga mshipa baada ya mshipa kwa uzi. Kipande cheusi kilipoanguka kwenye bakuli, wote watatu walitazama zile ncha zilizobaki. Zilivuja damu, nyekundu, mbichi, hai.

"Mzuri," alisema Daktari, akaomba sindano.

"Harakisheni," alisema Okoth.

Wakaunga ncha kwa ncha, mshono ndani na mshono nje. Wakaziba na lile tundu la kwenye utando, wakaurudisha utumbo mahali pake, wakafunga tundu la misuli. Mzee Mogire alikuwa anapumua.

Kilichofuata ni siku za kungoja upepo. Mgonjwa wa namna hii hapewi chakula mpaka ajambe, kwa maana upepo ukipita ni ishara kwamba mshono umekubali na utumbo umeamka. Mzee mwenye hadhi yake, msoma matumbo wa Nyamira, alilala pale huku wodi nzima, Wakisii na watu wa ziwani, wakiulizana kila asubuhi kama tayari. Siku ilipofika, wodi ilipiga makofi. Mzee aliwatukana wote, kisha akaomba uji. Jemimah alikuwa nao tayari, umepoa sawasawa.

Wazee wa Nyanchwa nao hawakuchelewa. Nyasani aliitwa, akaulizwa habari za mbuzi, akasema ndiyo, akaondolewa ushirika kwa muda. Alikubali bila kujitetea.

Mzee alipoweza kuketi, alimuuliza mwanawe, "Kile kipande kiko wapi?"

Daktari alikuwa amekihifadhi kwenye chupa ya dawa ili awafundishie madresa. Nyasani alisita, lakini alikwenda kuileta. Mzee aliishika chupa kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa kidole, juu ya kioo, aliifuata mishipa tao kwa tao mpaka pale ilipokuwa myeusi, akarudi nyuma, akafuata tena. Alikunja uso kama alivyoukunja kwenye mamia ya harusi.

"Mwenye huu hawezi kupona," alisema kwa sauti ile ile ya zamani, sauti ya kumaliza shauri. Halafu akakumbuka mwenye utumbo huo ni nani. Akacheka, akashika mshono, akaendelea kucheka huku akilia kwa maumivu, na Nyasani naye akacheka.

Kicheko cha mzee kilikatika ghafla.

"Nyasani. Yule binti wa kule Suneka. Bitutu, uliyemchagua mwenyewe kabla ya vita, nami nikaikataa posa kwa ajili ya doa."

"Ndiyo, Tata."

"Doa la mbuzi wake lilikuwa dogo kuliko hili."

"Lilikuwa dogo sana."

Mzee alitazama chupa. "Alipata mume?"

Nyasani alitamani aseme ndiyo. Mzee alikuwa bado dhaifu, na neno moja tu lingemtuliza.

"Hapana, Tata. Watu walisikia habari za mbuzi. Hakuna aliyekwenda kuposa tena."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akamwambia aiondoe ile chupa. Nyasani akanyoosha mkono aipokee, lakini vidole vya baba yake havikuiachia.